Mashine Iliyomeza Mababu

Kununua barafu si aibu. Aibu ni kununua barafu iliyogandishwa ndani ya friza yako mwenyewe, ukasimama nje ya dirisha la duka la mtu ukingoja akufungulie. Esha alikuwa anasimama hivyo siku ya kumi sasa, ndoo yenye kifuniko mkononi, akiitazama friza yake nyeupe kupitia nondo za duka la Mwinga hapo Bongwe.

"Mifuko mingapi leo, Mama Iddi?" Mwinga aliuliza.

"Sita."

"Jana ulichukua minane."

"Jana ilikuwa jana, Mwinga. Nipe sita."

Mwinga hakuwa mtu mbaya, na tuliseme hilo mapema asije akalaaniwa bure. Alikuwa amemkopesha Luqman, mume wa Esha, shilingi elfu ishirini na mbili, akaiweka friza rehani. Waliandikiana mbele ya mashahidi wawili: ikifika Ijumaa saa kumi alasiri pesa hazijarudi, friza ni mali ya Mwinga. Hakuna aliyemlazimisha mwenziwe. Ila asubuhi ile ya Jumatano, Mwinga alipoinamia barafu, Esha aliona jambo ambalo halikuwamo katika maandishi yao. Juu ya kifuniko, kwa rangi nyekundu na herufi za kuonekana toka barabarani, paliandikwa MWINGA.

"Umeshaandika jina?"

"Ah, hilo. Ni wateja tu wajue duka ni la nani."

"Leo ni Jumatano."

"Rangi inafutika, mama."

"Rangi ya mafuta?"

Mwinga akajishughulisha na chenji, akazihesabu sarafu mbili kana kwamba ni kumi. Esha alipotaka kusaidia kukifunga kifuniko, mwenye duka akamzuia kwa adabu kabisa. "Wacha, nitafunga mwenyewe. Baridi isije ikatoka."

Esha alirudi nyumbani na barafu yake ndooni. Aliuza barafu, alikuwa na mtungi wa maji ya ukwaju wa kupoza, na wateja Ukunda ambao miaka sita walizoea kumwona akipita mlango kwa mlango kabla ya adhuhuri. Barafu ya kununua ilikula faida yote. Lakini mteja akishakuzoea ukakosa siku mbili, ya tatu anamzoea mwingine.

Chumbani, pale friza ilipokuwa, sakafu ilikuwa na mraba mweupe usio na vumbi la miaka. Kwa siku tisa mraba ule ulikaliwa na sanduku jeusi lenye kimo cha ndoo mbili, likivuma mchana kutwa na kutoa joto mahali palipozoea kutoa baridi. Siku ya kwanza Esha alilifunika kwa kanga lisiingie vumbi, na Luqman alipoikuta ile kanga nusura alie, maana lingeungua kwa joto lake. Hiyo ndiyo seva. Friza ilikuwa imegeuka seva, na Jumanne seva ikapakiwa kwenye tuk-tuk ikapelekwa Diani.

Habari yenyewe ilikuwa rahisi. Bi Jemima alikuwa na ofisi Diani ya kutunza nyumba za watu: majumba ya karibu na ufuo, vyumba vya mstari Ukunda, na nyumba za ghorofa Msambweni. Nani anakaa wapi, ameingia lini, bomba la nani linavuja, yote yalikuwa ndani ya kompyuta moja ya Beryl, msichana wa mapokezi, na matawi mengine yakija kuchota humo kama kisimani. Beryl akizima akale, Msambweni hawaoni kitu. Wawili wakiandika kwa pamoja, inaganda. Luqman, fundi wa kompyuta asiyekuwa na duka, akamshauri: nunua mashine ya kazi moja tu, ikae macho, ilinde hifadhidata, yaani orodha hizo zote, isifanye lingine. Bi Jemima akakubali, akatoa nusu. Nusu ya pili, akasema, weka wewe, utaipata pamoja na ujira wako siku nitakapoipokea kazi. Luqman hakuwa na nusu ya pili. Friza ndiyo iliyokuwa nayo.

*

Luqman alirudi nyumbani saa nane mchana, wakati alipopaswa kuwa Diani anapokea pesa. Akakaa kizingitini na viatu vyake.

"Umekula?" Esha akamuuliza.

"Sina njaa."

Luqman akikataa wali, pana jambo. Esha akaweka mtungi chini.

"Imeungua?"

"Haijaungua. Inafanya kazi vizuri mno. Hilo ndilo tatizo."

Akaeleza huku akikitazama kidole chake cha gumba. Asubuhi ile bwana na bibi harusi wapya walikabidhiwa ufunguo wa chumba namba sita, Ukunda. Wakafika na godoro, jiko la gesi na sanduku la bibi harusi. Wakafungua mlango, wakamkuta mzee wa miaka sabini na minane ameketi kitandani anakunywa chai ya tangawizi. Orodha mpya ya ofisi ilisema namba sita ni tupu. Mzee alikuwa amekaa humo miaka kumi na moja.

"Mzee nani?"

"Kalama Fondo. Akachukua fimbo yake, akapanda tuk-tuk mpaka Diani. Akasimama mbele ya Beryl akamwambia, 'Nimeambiwa nimehama. Nimekuja kuuliza nimehamia wapi.'"

Esha alitaka kucheka, akamwona mumewe uso ulivyomshuka, akajizuia.

"Na si yeye peke yake," Luqman akaendelea. "Kuna majina hamsini na nane yaliyounganishwa. Hatujui ni wangapi wamepotea. Beryl ananiambia mbele ya watu, 'Luqman, hii mashine yako imetumeza wazee.' Bi Jemima amenipa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Kila mtu awe mahali pake, au niondoe sanduku langu na nusu yake nimrudishie."

Maneno hayo hayakuhitaji kufafanuliwa. Sanduku likirudi, pesa za Mwinga hazipo. Pesa za Mwinga zisipokuwepo, Ijumaa saa kumi ile rangi nyekundu inakuwa kweli.

"Kwani ulifanya nini?" Esha akauliza.

"Nilifanya nilichoambiwa. Majina yalikuwa yamejirudia. Beryl akimtafuta mtu asimwone haraka, anamwandika upya. Mtu mmoja anapelekewa ujumbe mara mbili, wapangaji wanalalamika. Bi Jemima akasema anataka mtu mmoja, mstari mmoja, la sivyo nisimletee mashine. Namba za vitambulisho hawakuziandika. Basi nikaiamuru mashine: popote yanapofanana majina yote matatu na namba ya simu, unganisha, shika la karibuni, futa la zamani. Majina matatu, Esha. Na simu juu yake. Nani angedhani ni watu wawili?"

"Huyo mzee ana mjukuu?"

"Anaye, chumba namba kumi na moja. Mhudumu wa hoteli. Mzee hana simu, anatumia ya mjukuu."

"Anaitwaje mjukuu?"

"Kalama Fondo."

"Na baba yake huyo mjukuu?"

"Fondo Kalama."

Esha akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Baba Iddi. Wewe unaitwa nani?"

"Esha, tafadhali."

"Nakuuliza. Jina lako kamili."

"Luqman Iddi Luqman."

"Na yule aliyezikwa nyuma ya msikiti hapa, ambaye kila Idi unakwenda kumsomea, anaitwa nani?"

Luqman akaangalia chini. Watu wa huku mtoto humpa jina la babu yake, na mtoto wa mtoto hulirudisha tena, likaenda na kurudi vizazi na vizazi. Mtoto wao wenyewe, aliyekuwa shuleni wakati ule, alikuwa Iddi Luqman kama babu yake. Fundi mgeni aliyetoka bara angekosea, angesamehewa. Huyu alizaliwa Bongwe, ana jina la marehemu kichwani mwake, na bado akaiambia mashine kwamba majina yakifanana mtu ni mmoja.

"Luqman Iddi Luqman," akasema polepole.

"Kama babu yako angekuwa hai akapanga kwa Jemima, ungemfuta."

"Ningemfuta," Luqman akakubali, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejikanyaga mwenyewe.

"Nakala ya zamani unayo?"

"Ipo. Naweza kuirudisha sasa hivi. Lakini itarudi na takataka zake zote, na Bi Jemima hataipokea. Mashine haiwezi kujua yupi ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, na wepi ni babu na mjukuu. Hakuna amri ya hilo."

"Mashine haiwezi," Esha akasema. "Na muuza barafu?"

*

Alhamisi asubuhi Luqman alitaka waende moja kwa moja Diani. Esha akakataa. Kwanza mzee, akasema, mashine haina haya, inaweza kungoja.

Walimkuta Mzee Kalama nje ya chumba namba sita, juu ya kiti cha kamba, na mjukuu wake Kalama akiwa amevaa sare ya hoteli anamfunga kifungo cha shati. Esha alimjua mzee vizuri, ukwaju wake alimwuzia bila sukari.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Mama Iddi. Na huyu ndiye?"

"Ndiye, babu," Luqman akajibu mwenyewe, na akainama kuushika mkono wa mzee. "Shikamoo. Ni mimi niliyekosea. Nimekuja kukuomba radhi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenihamisha?"

"Ni mimi."

"Ulinihamishia wapi?"

Luqman akatafuta jibu la heshima asilipate, akasema kweli. "Ndani ya mjukuu wako, babu."

Mzee akamwangalia mjukuu, kisha fundi, kisha mjukuu tena. "Huko ndiko niendako," akasema. "Ndiyo maana tulimpa jina. Lakini ungesubiri kidogo."

Kijana Kalama akageuka upande kuficha kicheko. Mzee hakucheka. Aliwaambia kwamba wale maharusi alikuwa amewapa chai kwa sababu hawakuwa na kosa, na bibi harusi alilia kwa haya mpaka ikabidi yeye, aliyekuwa karibu kufukuzwa, ndiye ambembeleze. Kisha akauliza kama leo kuna ukwaju. Esha akamjazia kikombe, akakataa malipo.

*

Langoni kwa ofisi ya Bi Jemima, askari alimwandikisha Esha katika daftari la wageni. Hakumuuliza kitu. Aliiona kanga na ndoo, akaandika kwenye safu ya shughuli: usafi. Esha alilisoma neno lile, akatia sahihi chini yake. Hakuwa na wakati wa kugombana na kalamu.

Bi Jemima alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa bara aliyekaa Diani miaka ishirini, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu. "Luqman, umekuja na mkeo kunibembeleza?"

"Sikuja kubembeleza, Bi Jemima," Esha akasema. "Hujambo? Nimekuja kusoma."

"Kusoma nini?"

"Majina."

Bi Jemima akainua mabega. Viti vilikuwa vimejaa wateja, kwa hiyo Esha akaonyeshwa stoo, mlango wa tatu, ambako seva ilikuwa. Hilo likamfaa. Luqman alikuwa ameipanga vizuri, na Esha akaona fahari hata kabla ya kuona haya: imeinuliwa juu ya meza ya mninga isiguswe na unyevu wa sakafu, feni ya ukutani imeelekezwa kwake, ina betri ya akiba na waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, na karatasi imebandikwa: USIZIME. Kando palikuwa na mapazia ya zamani na makopo ya dawa ya kusafishia mabwawa ya kuogelea. Akakaa juu ya mapazia.

Luqman alikuwa ameirudisha nakala ya zamani katika sehemu ya pembeni ya mashine, isichanganyike na orodha mpya, akachapisha jozi zote hamsini na nane. Akasoma, Esha akajibu.

"Rai Mwinga Rai. Wapo wawili, chumba cha tatu na chumba cha tatu."

"Mmoja. Ana duka la viatu. Hana baba hapa wala mjukuu."

"Jaafar Chiku Jaafar."

"Wawili. Babu ni kipofu, yuko nyuma ya soko. Mjukuu ni yule mwenye boda ya buluu."

"Mwinga Kalama Mwinga."

"Wawili, na usiwachanganye, wamekosana."

Beryl alipita kuchukua karatasi, akasimama mlangoni. Alisimama kidogo, kisha akasimama sana, kisha akaenda akaleta kiti chake cha magurudumu. "Kaa hapa, Mama Iddi. Mimi nitasimama," akasema. "Kumbe mimi nimekuwa naandika watu, wewe unawajua."

Kufikia saa sita walikuwa wamepita jozi arobaini, na Luqman akaanza kupiga mluzi. Mwenye kufanikiwa upesi haachi kujisahau, na safari hii aliyejisahau alikuwa Esha.

"Jumwa Kalama Fondo. Vyumba viwili tofauti."

"Mmoja," Esha akasema bila hata kuinua macho. "Jumwa namuuzia barafu kila siku. Alihama toka cha nne kwenda cha tisa. Unganisha."

Luqman akaunganisha. Wakaendelea na jozi tano zaidi. Kisha Beryl, aliyekuwa akipiga simu kwa wale wa Msambweni wasiojulikana, akarudi na uso wa mashaka. Alikuwa amepiga ile namba ya Jumwa kwa ajili ya bomba tu, akaambiwa na sauti ya kike, unamtaka Jumwa gani, mimi au nyanya?

Luqman akaacha kupiga mluzi.

"Jumwa ana nyanya?" Luqman akauliza kwa upole. Hakusema lingine, na kwa kutosema lingine alistahili sifa.

Esha alihisi uso unamwaka. Miaka sita alimuuzia Jumwa yule barafu mlangoni, mara cha nne, mara cha tisa, hakuwahi kuuliza ni nani aliyekohoa ndani. Kumbe kumjua mtu kwa kumuuzia ni kumjua upande wa mlango tu.

"Nimekosea," akasema. "Watenganishe. Na tuanze upya tangu mwanzo. Safari hii hakuna kukisia, hata ninaowajua. Kila jozi inapigiwa simu au inafuatwa nyumbani."

"Esha, ni hamsini na nane."

"Basi tusipoteze wakati."

Beryl aliwapigia wa Msambweni, na Esha akamfundisha namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu kama babu yake bado yuko hai, umemtukana. Wewe msalimie, muulize wazee nyumbani hawajambo, kisha nyamaza, atakuambia mwenyewe nani yupo na nani ametangulia. Luqman alishika wa Diani. Esha alichukua wa Ukunda kwa miguu, na ndoo yake ya ukwaju, kwa sababu mwenye ndoo hufunguliwa mlango ambao mwenye karatasi hafunguliwi. Kila aliyempata alimwomba kitambulisho, akanakili namba nyuma ya karatasi. Alipomfikia Jumwa wa chumba cha tisa alikaa muda mrefu kuliko alivyopaswa, akaenda cha nne akamsalimia na nyanya, akaomba radhi kwa jambo ambalo wao hata hawakulijua.

*

Ijumaa saa tano na nusu orodha ilikuwa imekwisha. Jozi ishirini na tatu, kila moja ilikuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Jozi thelathini na tano zilikuwa watu wawili wawili, walio hai wote, kila mmoja na chumba chake. Luqman akaipa mashine amri mpya: hakuna atakayeandikwa bila namba ya kitambulisho, na hakuna kinachofutwa mpaka watu wawili wathibitishe.

Bi Jemima akaja stooni, akavaa miwani, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta. Hakusema atajaribu jina gani. Akaandika Kalama Fondo.

Ikatokea mistari miwili. Kalama Fondo Kalama, chumba namba sita, miaka kumi na moja. Kalama Fondo Kalama, chumba namba kumi na moja, miaka mitatu.

"Msambweni wafungue," akasema. Beryl akapiga simu, wakafungua. Ukunda wakafungua. "Sasa wewe Beryl zima yako, nenda kale." Beryl akazima. Bi Jemima akaweka sikio kwenye simu. Msambweni wakasema bado wanaona. Ukunda wanaona. Wawili wakaandika kwa wakati mmoja, haikuganda.

"Vizuri," Bi Jemima akasema, akavua miwani. "Kazi nimeipokea. Pesa nitakutumia Jumatatu, Luqman."

"Haya, Bi Jemima," Luqman akasema. "Hakuna neno."

Ndivyo alivyokuwa Luqman. Mwenye pesa akimwambia njoo kesho, yeye ndiye anayeona haya. Esha akamtazama mumewe, akaona kwamba ameridhika kusifiwa na atarudi nyumbani na sifa.

"Lipo neno," Esha akasema.

Bi Jemima akageuka.

"Bi Jemima, samahani. Nusu ya hii mashine ni friza yangu. Iko rehani dukani kwa mtu, na leo saa kumi alasiri muda unakwisha. Siku kumi na mbili sasa nanunua barafu yangu mwenyewe. Jumatatu kwako ni siku tatu tu. Kwangu mimi, Jumatatu friza itakuwa ya mtu mwingine."

Alikuwa amelisema lote kwa sauti ya kawaida. Luqman alikuwa akiitazama feni.

"Friza?" Bi Jemima akauliza. "Luqman, mimi nilidhani una akiba. Mbona hukuniambia?"

"Ungenipa kazi, Bi Jemima, kama ningekuambia sina?"

Bi Jemima alifikiri, na kwa heshima yake hakudanganya. "Pengine nisingekupa." Akaichukua simu yake mfukoni, akabonyeza palepale, amesimama kati ya mapazia na makopo ya dawa. Simu ya Luqman ikalia. Akaisoma, akampa Esha asome na yeye.

"Imezidi," Esha akasema.

"Ni yako. Siku mbili umenifanyia kazi na sikukuuliza bei." Bi Jemima akaelekea mlangoni, kisha akasimama. "Na lile daftari la askari nimeliona. Nitamwambia arekebishe."

Luqman akazitoa pesa kwa wakala, akampa Esha noti, akakimbilia sala ya Ijumaa. Esha hakungoja sala iishe.

*

Saa saba na robo tuk-tuk ya mizigo ilisimama mbele ya duka la Mwinga. Esha alishuka na noti zilizopangwa. Mwinga alizihesabu mara mbili, akazihesabu ya tatu kwa kujifariji, akaileta ile karatasi ya maandishi na kuichana mbele yake.

"Nimejaza samaki changu humo," akasema kwa huzuni. "Kilo ishirini. Nipe mpaka jioni niwauze."

"Saa kumi ni saa kumi, Mwinga. Tuliandikiana."

Mwinga akatikisa kichwa. Alikuwa ametazamia lolote isipokuwa kukumbushwa sheria yake mwenyewe. Esha alimwacha aionje kidogo, kisha akamwonea huruma, maana furaha ilikuwa nyingi na hakuwa na mahali pa kuiweka.

"Waache humo humo waende na friza. Ukimpata mteja njoo uchukue. Mlango waujua."

Wanaume watatu waliibeba hadi chumbani, wakaishusha juu ya mraba wake, ikakaa sawasawa kana kwamba haikuondoka. Luqman, aliyekuwa amefika na kofia ya sala bado kichwani, akachomeka waya. Mota ikashtuka, ikatikisika, ikaanza kunguruma. Esha akakaa sakafuni, akaegemea ubavu wa friza, akalia. Alikuwa amechoka na alikuwa amefurahi, na machozi yalikuwa ya yote mawili. Luqman akakaa kando yake, hakumwambia anyamaze. Baada ya muda akamwomba sahani ya wali.

Jumamosi asubuhi, wakati Esha anafunga mifuko, kijana Kalama alisimamisha baiskeli mlangoni, akiwa njiani kwenda hotelini. Alikuwa ametumwa barafu na babu yake, ambaye alisema sasa kwa kuwa amerudishwa chumbani mwake, anataka kunywa kitu cha baridi humo. Kijana akachungulia ndani, akaziona herufi nyekundu juu ya kifuniko.

"Shangazi, hii si friza ya Mwinga?"

Esha akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye baiskeli.

"Wewe Kalama, na wewe ndiye wa kuniuliza hivyo?"

Neno lilipomwingia kijana akacheka mpaka akaishika baiskeli isianguke, kisha akatoa sarafu mfukoni.

"Basi nipe miwili," akasema. "Mmoja wa Kalama, na mmoja wa Kalama."

Esha akafungua kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, akampa miwili.